Kaya zisizojibu: namna ya kurekebisha uzito wa sampuli

Mdadisi akibisha hodi akakuta mlango umefungwa, hutamani kuhamia kwa jirani. Mkataze. Jirani anayekutwa nyumbani saa nne asubuhi anafanana na wale ambao umeshawahoji. Aliyekosekana yuko kibaruani, na ukimweka jirani mahali pake umemfuta kabisa kwenye takwimu zako.

Hatua ya 1. Rudini angalau mara tatu, kwa saa tofauti, jioni na Jumapili pia. Andikeni matokeo ya kila ziara: amekataa, hakukutwa, au nyumba haikaliwi. Nyumba isiyokaliwa iondoeni kwenye hesabu, maana hapana kaya iliyokosa kujibu.

Hatua ya 2. Igawe sampuli katika makundi kwa taarifa ulizonazo kuhusu kaya zote, zilizojibu na zisizojibu: mjini au kijijini, aina ya nyumba. Kundi lenye kaya chache mno liunganishe na linalofanana nalo.

Hatua ya 3. Katika kila kundi, zidisha uzito wa awali (idadi ya kaya ambazo kila kaya ya sampuli inawakilisha) kwa kaya zilizochaguliwa, kisha gawanya kwa zilizojibu. Tuseme umechagua kaya 200 mjini na 200 vijijini, kila moja ikiwakilisha 50. Mjini zimejibu 120, vijijini 180. Uzito mpya ni 83.3 mjini na 55.6 vijijini. Kama zenye maji ya bomba ni 90 mjini na 54 vijijini, bila marekebisho utatangaza asilimia 48. Baada ya marekebisho ni 52.5.

Hatua ya 4. Aliyejibu dodoso akanyamaza kwenye kipato tu hahitaji uzito mpya. Jaza pengo kwa jibu la kaya inayofanana na yake. Ukijaza wastani kila mahali, tofauti za watu zitaonekana ndogo kuliko zilivyo.

Hatua ya 5. Hatua ya 3 inadhani kwamba ndani ya kundi wasiojibu ni kama waliojibu. Mimi siamini hivyo bila kupima. Watakwimu Hansen na Hurwitz walionyesha njia mwaka 1946: kati ya kaya 80 za mjini zilizokosekana, chagua 20 kwa bahati nasibu na uwatume wadadisi wako hodari mpaka wazipate zote. Kila moja sasa inabeba uzito wa 200 (50 mara 80, gawanya kwa 20), na zile 120 zilizojibu mwanzoni zinabaki na uzito wa awali wa 50. Zikiwa 18 kati ya hizo 20 zina bomba, mjini si asilimia 75 tena (90 kati ya 120), ni 81.