Pampu ya Ploti Imekufa: Nani Amlipe Fundi?

Katika ploti nyingi za Malindi, kuanzia Barani hadi Muyeye, wapangaji hutegemea pampu moja inayovuta maji kisimani au kwenye tangi la chini na kuyapandisha darini. Ikifa, watu huanza kuchangishana papo hapo, au huanza kushutumiana. Ngojeni kwanza. Kilichoharibika, na sababu ya kuharibika kwake, ndicho kinachoamua mlipaji.

Someni mkataba. Ukiwa kimya kuhusu vifaa vya pamoja, shikeni Sheria ya Ardhi ya 2012. Kifungu cha 65 kinamtaka anayepangisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta za nje, mifereji mikuu na vifaa vinavyotumiwa na wote. Kifungu cha 66 kinamtaka mpangaji atunze alichokodi, ila uchakavu wa kawaida haumo katika deni lake. Kwa hivyo pampu iliyozeeka ni mzigo wa mwenye nyumba, hata kama wanaoitumia ni nyinyi.

Sasa itazameni pampu yenyewe. Ikinguruma bila kuzunguka, zimeni umeme kwenye swichi kuu, mfungue kifuniko cha nyuma na mzungushe feni kwa mkono. Ikizunguka laini, mara nyingi kasoro ni kapasita, kile kikopo kidogo kinachosaidia mota kuanza kuzunguka. Inayowekwa iwe na nambari ile ile ya maikrofaradi, na volti zake zisipungue zile za ya zamani. Umeme ukiwa mdogo jioni, pampu pia hunguruma na kupata moto, kwa hiyo fundi apime volti kabla ya kuuza spea. Feni ikiwa ngumu, beringi zimeshika kutu au impela (gurudumu linalosukuma maji) imekwama kwa chumvi na mchanga. Maji yakichuruzika kati ya mota na kichwa cha pampu, sili, yaani kizibo kinachozuia maji yasiingie kwenye mota, imekwisha, na msipoibadilisha mapema maji yatafika kwenye beringi. Maji ya chumvi ya visima vya pwani hula chuma haraka. Yote haya ni uchakavu. Alipe mwenye nyumba.

Pampu iliyokimbia kavu ndiyo yenye ubishi. Sili huungua, na impela ya plastiki hupinda kwa joto. Muulizeni fundi: boya la kuzima pampu maji yanapokwisha lipo? Linafanya kazi? Kama halikuwekwa, au lilikufa na mwenye nyumba akaarifiwa, gharama ni yake. Lakini nyaya za boya zikikutwa zimeunganishwa moja kwa moja ili pampu ivute kwa nguvu, na aliyefanya hivyo anajulikana, alipe huyo peke yake. Kumbebesha aliyeoga mwisho kwa sababu tu alioga mwisho ni dhuluma.

Mwambieni fundi asiondoke na spea za zamani. Zipigeni picha, na risiti itenganishe bei ya spea na ufundi.

Tokeni za pampu ni hesabu nyingine: hayo ni matumizi, na wapangaji wanagawana. Pampu ya nusu hosipawa ikifanya kazi saa mbili kwa siku hula karibu yuniti moja, yaani kama yuniti 30 kwa mwezi. Gawanyeni kwa idadi ya watu, si ya milango. Chumba cha mtu mmoja hakitumii maji sawa na cha familia ya watu sita.

Friji ina kanuni hiyo hiyo. Iliyokuja na nyumba na kuandikwa kwenye orodha ya vitu ni ya mwenye nyumba, pamoja na raba ya mlango na kidhibiti baridi vinavyochakaa. Mpangaji akikwangua barafu kwa kisu akatoboa bomba la gesi, hiyo ni juu yake. Friji mliyonunua kwa kuchanga, tengenezeni kwa kuchanga, na muandike mapema anayehama atarudishiwa kiasi gani.

Kabla fundi hajaanza, mwandikieni mwenye nyumba kwa WhatsApp, pamoja na picha: “Assalaam aleikum mzee, pampu imeharibika sili na beringi. Fundi anataka shilingi 3,200. Tunaomba ruhusa tulipe sisi nyumba nane, kila mmoja akatiwe 400 kwenye kodi ya mwezi ujao.” Akijibu ndiyo, hifadhini jibu hilo. Asipojibu, msikate kodi kwa uamuzi wenu. Ataihesabu kuwa malimbikizo, na sheria ya Kenya inamruhusu mwenye nyumba kutuma dalali akamate mali ya mpangaji kwa deni la kodi. Lipeni kodi kamili, kisha mdai pesa zenu.

Akikataa, pitieni kwanza kwa mzee wa mtaa. Mambo mengi huishia hapo. Ikishindikana, nyumba ya makazi ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi iko chini ya Baraza la Kudhibiti Kodi. Kodi ikizidi hapo, iko Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na kutakiwa kuamua ndani ya siku 60. Wakili si lazima. Bebeni mkataba, jumbe zilizochapishwa, risiti, taarifa ya M-Pesa na zile picha za spea.