Somo: Kufikiri pale ugonjwa unapogoma kujulikana

Madaktari wanaoanza kazi wananiuliza hili kila mara, kwa hiyo naliandika hapa. Atakayeuliza tena nitamleta huku.

1. Msikilize mgonjwa mpaka amalize.

2. Mpime mwili mzima, si panapouma tu.

3. Fupisha habari yake kwa sentensi moja. Ukishindwa, rudi namba 1.

4. Orodhesha magonjwa yanayowezekana, yakiwemo yanayoua haraka hata kama ni nadra.

5. Hapa ndipo wengi huanguka. Jina la kwanza likishaingia kichwani, unaona yanayoliunga mkono tu. Mgonjwa ana maumivu makali ya kifua, kipimo cha umeme wa moyo kina hitilafu, unaandika shtuko la moyo. Lakini maumivu yalianza ghafla kwa ukali wote, yamepenya hadi mgongoni, na presha ya mkono wa kulia hailingani na ya kushoto. Huenda aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, imechanika! Mpasuko ukifika kwenye mishipa ya moyo, kipimo hicho husoma vilevile. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inayomwokoa mwenye shtuko, yaweza kumuua huyu. Jiulize kila mara: kipi hapa hakikubaliani na jina nililochagua?

ANGALIZO: Jina aliloandika daktari aliyekutangulia bado ni dhana. Na nafuu baada ya dawa si uthibitisho. Homa nyingi hushuka zenyewe.

6. Agiza kipimo ukijua jibu litabadili nini.

7. Fuatilia mgonjwa aliishia wapi.

MASWALI

– Mkuu, si bora tupime kila kitu?

Soma namba 6.

– Haya huja kwa uzoefu, hayafundishiki.

Usipojua wagonjwa wako waliishia wapi, utarudia kosa lilelile miaka 20 ukiliita uzoefu. Namba 7 haipo kwa urembo.

– Kipimo kinapatia kwa 90%, kimesema mgonjwa anao ugonjwa. Kwa nini bado niwe na shaka?

Swali zuri sana. Chukua watu 1,000, wenye ugonjwa ni 10. Kipimo kitawanasa 9. Kati ya wazima 990, kitawasingizia 99. Waliosomeka wanao ni 108, wenye ugonjwa kweli 9 tu, kama 8%. Ndiyo maana namba 4 hutangulia namba 6: kwanza pima uzito wa dalili, ujue ugonjwa una uwezekano gani kabla ya kipimo.

– Nyongeza: zamu ya usiku mimi humsimulia muuguzi mgonjwa wangu bila kutaja jina la ugonjwa, kisha namwuliza anafikiri nini.

Safi. Muulize pia ameona nini wewe ukiwa haupo kitandani pale.