Kitenge Kimoja, Nguo Tisa: Kushona Dar Nguo za Machipuko ya Ughaibuni

Kila Disemba wateja wangu wa ughaibuni wanakuja na oda ileile: gauni refu, mikono ya puto, chini mkia wa samaki, yadi 6 zote ziishie humo humo. Gauni linatoka zuri, linapigwa picha kwenye sendofu ya Mbezi au harusi ya Kigamboni, kisha linakunjwa kwenye sanduku kwenda Leicester au Minneapolis. Huko linakaa. Mikono ya puto haiingii ndani ya koti, na mkia wa samaki haumruhusu mtu kukimbilia basi. Mwezi wa nne ukifika, mtu yuleyule ananiandikia WhatsApp: fundi, baridi imepungua, lakini sina cha kuvaa.

Majira ya kuchipua kwa mlioko Ulaya na Marekani ni Machi hadi Mei, wakati huku tunapigwa na masika. Baridi yake mtu anaizoea. Kinachosumbua ni ukigeugeu. London mwezi wa nne unaweza kutoka asubuhi na digrii 5 au 6, saa nane mchana zikawa 14 au 15 na jua linawaka, jioni ukarudi na mvua. Minneapolis hata theluji inaweza kuanguka mwezi huohuo. (Mlioko Australia, kwenu ni Septemba hadi Novemba, mengine yote ni yaleyale.) Hali kama hiyo inataka nguo nyembamba mbili tatu, moja juu ya nyingine, uvue na kuvaa kadiri siku inavyokwenda.

Kwa hiyo ukija Dar, au ukimtuma ndugu yako, mimi ningekushauri uanze na kitenge kimoja, na hicho kiamue rangi ya kila nguo nyingine. Wengi wanafanya kinyume. Wananunua vitenge vitano kwa sababu vyote vilipendeza dukani, wakifika kwao wanagundua hakuna kinachokubaliana na mwenzake, kila kimoja kinataka kiwe bwana harusi.

Tuseme umepata kitenge cha bluu iliyokolea chenye maua ya damu ya mzee na rangi ya maziwa. Tayari una rangi tatu, usitoke nje yake isipokuwa kwa nyeupe na ugoro, ambazo hazigombani na mtu. Chagua maua madogo au ya kati. Maua makubwa kama sinia yanapendeza kwenye gauni, lakini kwenye koti fundi lazima ayaoanishe kulia na kushoto, na hapo kitambaa kinaliwa bure. Fundi asipooanisha, ua moja litakukalia kifuani upande mmoja na utaulizwa kila siku.

Kariakoo, Mtaa wa Uhuru na mitaa ya jirani, nenda asubuhi kabla watu hawajajaa. Usiamue rangi chini ya taa za dukani; omba kukitoa kitambaa mlangoni ukione kwenye jua. Chovya ncha ya leso nyeupe kwenye maji, sugua pembeni mwa kitenge. Leso ikitoka na rangi, mwachie mwenye duka. Halafu chomoa uzi mmoja uuwashe kiberiti, muuzaji hatakushangaa: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuganda kidonge kigumu. Poliesta ni rahisi na haikunjamani, nakubali, lakini ukiivaa chini ya koti kwenye treni yenye hita utalowa jasho. Chukua pamba. Na kabla ya kuleta kwa fundi, kiloweke na kukifua mara moja, wanga utoke na kitambaa kirudi, yaani kinywee, chote kinachotaka kurudi. Ukishona kwanza na kufua baadaye, sketi itarudi ikiwa imeshashonwa.

Yadi 6 zinatosha sketi na koti fupi, na vipande vinabaki. Hizo ni nguo mbili kati ya tisa. Chini ziwe tatu: hiyo sketi, suruali ya kadeti ya ugoro, na jinzi ya bluu iliyokolea. Juu ziwe nne: blauzi nyeupe ya pamba, shati la bluu mpauko, fulana ya mikono mirefu ya rangi ya maziwa, na sweta jembamba la damu ya mzee. Za nje mbili: koti la kitenge na koti la mvua lisilo na maua. Chini tatu mara juu nne ni mivao 12. Ukiongeza koti moja au lingine unafika 24. Hesabu hiyo inakubali kwa sharti moja tu, kwamba kila cha juu kiende na kila cha chini. Vitandaze kitandani uvijaribu kimoja kimoja. Kitakachokataa wenzake wawili, kiondoe hata kama kilikuwa ghali. Na koti la kitenge juu ya sketi yake ni suti kamili ya Jumapili au ya ofisini. Likikaa juu ya jinzi na raba nyeupe linakuwa la matembezi, na hakuna atakayejua ni lilelile.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo ugomvi wa mafundi na wateja unapoanzia. Unakuja Disemba, joto la Dar linazidi digrii 30, umevaa blauzi ya kitambaa chepesi, nakupima kifua na mkono, naandika inchi zangu. Aprili unalivaa koti juu ya sweta, kwapa zinabana, unasema fundi kaharibu. Njoo na sweta lako kwenye mfuko. Livae dakika mbili, jasho likutoke, nikupime nalo. Mnaotuma vipimo kutoka huko, mpimwe na mtu mwingine, msijipime wenyewe mbele ya kioo, na mtaje kabisa kwamba "hiki ni juu ya sweta". Kuna dada mmoja huniambia kila mwaka, "Fundi, nikadirie kwa macho tu kwenye video." Namjibu, "Dada, macho hayana inchi." Na kama umekuja kula pilau za sikukuu, mwambie fundi aache akiba ya inchi moja kila upande ndani ya mshono, ili likibana lifunguliwe, likipwaya libanwe.

Mwambie pia aweke bitana laini kwenye sketi. Pamba tupu juu ya soksi ndefu za kubana inapanda kila ukipiga hatua. Urefu wa sketi ushuke chini ya goti kwa ajili ya upepo. Mifuko ya koti iwe na kina cha kiganja kizima na simu. Mafundi wengi wa huku, nami nimo, tumezoea kuweka mifuko ya mapambo kwa sababu hapa hakuna anayeficha mikono kwa baridi, kwa hiyo usiposema hutaipata. Mikono ya koti iwe myembamba ya kawaida, koti la mvua lipite juu yake.

Khanga usiisahau, ndiyo nguo ya kumi isiyohesabiwa. Doti moja ni vipande viwili, unavikata na kuvipinda ncha. Kimoja kikunje kwa mshazari ukizungushe shingoni, kinazuia upepo wa asubuhi, mchana unakitia kwenye mkoba na hakina uzito. Ukitaka kushonewa blauzi ya khanga, kubaliana na fundi kabla ya mkasi kupita: pindo likae wapi, mji (ile sehemu ya katikati) ukae wapi, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa, liangukie wapi. Nimeona blauzi nzuri kabisa yenye nusu ya jina mgongoni, maneno yaliyobaki yakasomeka matusi.

Kaka zetu kazi yao ni fupi. Shati la kitenge la mikono mirefu, maana la mikono mifupi huko utalivaa wiki chache tu, na kizibao cha kitambaa hichohicho. Kizibao juu ya shati jeupe kinaongeza joto bila kujaza mwili, na mikono inabaki huru. Kadeti, jinzi, sweta na koti la mvua ni kama nilivyosema.

Kadeti na jinzi zitafute kwenye mitumba, Karume pale Ilala, asubuhi wanapofungua belo. Angalia goti na mapaja dhidi ya mwanga, ndipo kitambaa kinapoanza kuisha. Makoti mazito utayaona pia, waendesha bodaboda na watu wa baridi ya Njombe na Makambako ndio wateja wake, mtu anaendesha pikipiki Barabara ya Mandela na joto lote lile ndani ya jaketi la theluji. Wewe yaache. Koti la mvua nalo nunua huko unakoishi, wanajua mvua yao, na kilo 23 za begi ziwe za kitenge na dagaa.

Usimpe fundi kazi wiki unayoondoka. Kabla ya Krismasi na kabla ya Iddi cherehani hazilali, na kuna miaka, kama 2026, Iddi el-Fitri inaangukia Machi, hapo hapo machipuko yanapoanza. Leta kitambaa siku unayofika, jaribu nguo mara moja kabla haijamaliziwa, na uondoke na vipande vilivyobaki pamoja na vifungo viwili vya akiba. Huko fua kitenge ukiwa umekigeuza ndani nje, maji yasizidi digrii 30, na usikitie kwenye mashine ya kukaushia. Kitundike kivulini mpaka kikauke.