Rimu imepiga shimo: unyooshe au ununue nyingine?

Ukipiga shimo halafu steringi ikaanza kutetemeka ukifika 80, usikimbilie kununua wala kunyoosha, kwanza mwambie fundi tairi atoe tairi kabisa kwenye rimu, maana kwa nje inaweza kuonekana safi kumbe mdomo wa ndani umebonyea. Safisha vumbi la breki, pitisha kidole taratibu na umulike na tochi ya simu.

Unachotafuta ni ufa, hasa kwenye spoku na kuzunguka matundu ya nati. Ukiuona hapo nunua nyingine, mimi hapo sibishani kabisa, hata fundi akikuambia anachomelea vizuri, coz hapo ndo pamebeba uzito wa gari na kuchomelea kunadhoofisha chuma ya pembeni yake.

Ikiwa imebonyea tu mdomoni na haina ufa inanyooshwa. Ya chuma inavumilia nyundo, ya aloi inataka mashine ya kunyooshea na moto kidogo, ukiipiga kwa pupa inapasuka. Mikwaruzo ya ukingo wa barabara ni urembo tu, piga msasa na rangi.

Ikishanyooshwa irudishwe kwenye mashine ya balansi uangalie inavyozunguka, ikiyumba bado haijapona. Kisha jaza upepo, mwagia maji ya sabuni, mapovu yakitoka inavuja.

Ukinunua ya mtumba nayo izungushwe kabla hujalipa, na matundu yalingane, 5x100 (matundu matano kwenye duara la milimita 100) haiingii kwenye 5x114.3. Na kagua tairi pia, likiwa na nundu ubavuni tupa.