Kusafisha rejeta na kubadilisha kulanti nyumbani: kisima cha Jambiani kilivyonifunza

Mimi si fundi wa gereji. Napenda gari tu, na Jumapili zangu nyingi huishia chini ya boneti ya Toyota IST yangu. Zamani, badala ya kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, nilikuwa najaza rejeta maji ya kisimani, kama majirani wengi hapa Jambiani, Zanzibar. Siku moja nikielekea mjini, gari ikachemsha kabla sijafika Jozani. Nilipokuja kumwaga yale maji nikakuta magamba meupe, yale yale yanayoganda ndani ya birika la chai. Huku kwetu tumekaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji yanayopita humo hubeba chokaa, na kadiri unavyokaribia pwani hubeba chumvi pia. Chokaa huziba vijia vya rejeta, chumvi hula alumini, na injini ya IST ni alumini, bloku (mwili wake) na silinda hedi (kichwa chake cha juu).

1. Subiri injini ipoe. Mimi huanza asubuhi, gari ikiwa imelala. Mfuniko wa rejeta ukifunguliwa kwa moto, maji hukurukia usoni yakiwa yanachemka.

2. Mwaga. Weka beseni chini, legeza koki ya chini ya rejeta kwa mkono, kwa maana ni ya plastiki na huvunjika upesi, kisha fungua mfuniko wa juu. Tazama rangi: maji kama chai ya rangi ni kutu, chengachenga nyeupe ni chokaa.

Usimwage uani. Kulanti nyingi zina sumu yenye ladha tamu, na paka au mbuzi akiilamba inaweza kumuua. Tena jiwe letu linapitisha maji kama chujio: unachomwaga leo kinashuka kwenye kisima kile kile. Tia kwenye dumu, andika "SUMU", ulifunge, kisha ulizie gereji inayopokea kulanti chafu.

3. Suuza. Jaza maji ya mvua. Mimi hukinga ya masika kwenye madumu, baada ya mvua za mwanzo kuosha paa. Washa injini, weka hita kwenye joto la juu, ngoja mpira wa juu wa rejeta upate moto. Zima, iache ipoe, mwaga. Rudia mpaka maji yatoke safi. Yangu yalitaka mara nne.

4. Pima thamostati, ile vali inayofungulia kulanti njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto; usiitupe. Niliambiwa na fundi niitoe, eti nchi yetu ni ya joto. Nikaitoa, na nikajuta. Bila thamostati injini huchelewa kupata joto lake, mafuta huliwa zaidi na oili hupata uchafu mapema. Ifunge uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni bila kugusa chini, weka kipimajoto. Nyingi za Toyota huanza kufunguka karibu nyuzi 82. Isipofunguka hata maji yakichemka, nunua mpya pamoja na mpira wake.

5. Jaza kulanti. Soma dumu. Iliyokwisha kuchanganywa haiongezwi maji. Iliyo nzito changanya nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na madini, yale ya kuongezea betri. Hakikisha dukani hupewi asidi ya betri, maana chupa zake hufanana. Rangi isikudanganye: nyekundu ya kampuni hii si lazima ilingane na nyekundu ya ile. Fuata kitabu cha gari.

6. Toa hewa. Hapa ndipo wengi hukosea. Paki pua ya gari ikiwa juu kidogo, acha mfuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, washa, hita ikiwa joto. Minya mpira wa juu taratibu ukiwa na glavu, utaona mapovu. Thamostati ikifunguka kulanti itashuka ghafla: ongeza. Mapovu yakiisha, funga.

7. Kagua mfuniko. Mpira wake ukipasuka, badilisha. Mfuniko ndio unaoshika presha, na presha ndiyo inayozuia maji yasichemke yakifika nyuzi 100.

Endesha siku mbili tatu, kisha asubuhi, injini ikiwa baridi, tazama tangi la akiba la kulanti. Kushuka kidogo ni hewa iliyobaki, ongeza. Ikishuka kila siku na huoni tone chini, chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati yake na bloku, huenda imeungua. Usiiwashe tena, ivutwe mpaka kwa fundi.