Mbolea ya ruzuku kwa mfugaji wa maziwa Mombasa

Ruzuku hii ya serikali haiji kama pesa. Huja kama ujumbe kwenye simu, unaokuruhusu kununua gunia la mbolea la kilo 50 kwa shilingi 2,500, bei iliyotangazwa Agosti 2023 badala ya 3,500. Mfugaji wa Kisauni au Likoni akidhani ni ya wenye mahindi tu, anajipunja. Nepia, majani ya kulishia ng'ombe, nayo ni zao, na kila ukikata unaondoka na rutuba ya shamba.

Nenda kwa chifu ujiandikishe, na kitambulisho na simu yako. Taja ekari unazolima, ziwe zako au za kukodi. Mwenye robo aseme robo, maana idadi ya magunia hutokana na hapo. Wengi hukwama kwa vitu vidogo: laini iliyosajiliwa kwa jina la mwana, tarakimu moja ya kitambulisho iliyokosewa, au namba ya zamani iliyokwisha kufungwa. Mwandikaji akusomee alichoandika kabla hujaondoka. Fanya haya mapema, Februari kwa mvua za mwaka, yaani masika, na Agosti kwa vuli.

Ujumbe ukifika, uliza kwanza kama ghala lina aina unayoitaka, ndipo ukodi tuktuk. Chukua kitambulisho halisi, lipa kwa simu, na usimpe dalali ujumbe wako hata akikuahidi kukuletea mlangoni.

Mbolea iitwayo DAP ni ya kupandia. Ya kukuzia, chagua kati ya mbolea mbili, CAN na urea, na hapa hesabu ni muhimu. Gunia la CAN lina naitrojeni, kirutubisho cha kukuza majani, kama kilo 13, la urea 23. Kwa bei ile ile, kilo moja ya naitrojeni inakugharimu kama shilingi 192 kwenye CAN na 109 kwenye urea. Lakini urea ikiachwa juu ya udongo wenye joto la pwani, sehemu yake hupotea hewani. Kama huna nia ya kuifukia, nunua CAN.

Mwaka 2024 mbolea bandia ilipenya hadi kwenye mpango huu, kwa hivyo kagua mshono wa gunia. Urea ni rahisi kuipima: tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, ukoroge. Huyeyuka yote, na glasi hupoa mkononi. Ukiona mchanga chini, rudisha gunia. CAN huacha maji meupe kama chokaa. Hiyo si kasoro.

Weka baada ya kukata, udongo ukiwa umelowa. Nepia ya mita moja kati ya mistari na nusu mita kati ya mashina ina mashina kama 8,000 kwa ekari. Kizibo kimoja cha soda cha CAN kwa kila shina kitamaliza karibu gunia zima. Urea inatosha nusu yake. Udongo wetu ni wa mchanga, mvua kubwa huikokota mbolea chini, basi usiimwage yote kwa mara moja. Samadi nayo usiiache.

Gunia likae mbali na zizi. Ng'ombe akilamba urea hutetemeka, hutoka povu na kufura tumbo, pengine ndani ya nusu saa. Mpigie daktari wa mifugo papo hapo, umwulize kuhusu kumnywesha siki na maji baridi huku ukimsubiri.