Vijitabu vya konseti za jazi za zamani, ukivipata vitunze hivi

Kijitabu cha programu ni kile watu walikuwa wanauziwa au wanapewa wakiingia ukumbini, kina majina ya wanamuziki, picha na matangazo ya biashara. Ukianza, anzia na vya Jazz at the Philharmonic, zile shoo za promota wa jazi Norman Granz zilizoanza Los Angeles 1944, maana ziara zilikuwa nyingi, na michoro ya David Stone Martin peke yake inatosha kukufanya uvipende.

Shida ya vijitabu vya ziara ni tarehe. Kimoja hicho hicho kiliuzwa mji hadi mji, kwa hiyo ndani unaweza kukuta msimu tu. Kipande cha tiketi kilichobaki katikati ya kurasa usikitenganishe nacho, hicho ndo kinakwambia usiku gani, ukumbi gani. Na maandishi ya penseli pembeni usifute jamani! Mara nyingi programu ilisema tu kwamba nyimbo zitatangazwa jukwaani, sasa yule msikilizaji aliyeandika orodha gizani ndo kakuachia rekodi ya kilichopigwa kweli. Mimi nachukua chenye maandishi hayo kuliko kisafi kabisa.

Kabla ya kulipia saini, angalia wino. Bolpeni zilianza kuuzwa Marekani mwishoni mwa 1945 na mpiga piano Fats Waller alifariki 1943, kwa hiyo saini yake ya bolpeni achana nayo. Kwa karatasi yenyewe tumia taa ya UV: dawa za kung'arisha karatasi, ambazo ndo zinawaka chini ya taa hiyo, zilienea kuanzia miaka ya 1950, kijitabu cha 1938 kikiwaka bluu kali ujue kuna uwezekano mkubwa kimechapishwa upya. Ila kutowaka peke yake sio uthibitisho.

Haya, kutunza. Karatasi nyingi za enzi zile zina asidi ndani yake, zinageuka njano na kukatika zenyewe, na joto, mwanga na unyevu vinaharakisha, kwa hiyo unachofanya ni kupunguza kasi tu. Nawa mikono uikaushe vizuri, glovu za kitambaa zinanasa kwenye kingo zinachana. Kilichochanika usibandike selotepu, gundi yake inaingia kwenye karatasi inaacha doa la kahawia, na kulamineti ndo kabisa usithubutu, hakuna kurudi nyuma. Weka kila kimoja kwenye mfuko wa poliesta au polipropilini, sio PVC, ile laini yenye harufu kali, inatoa asidi na inaganda kwenye wino. Halafu vilaze kwenye boksi lisilo na asidi, chumba chenye ubaridi, unyevu asilimia 30 mpaka 50, mbali na sakafu na ukuta wa nje.

Pini za stepla zikishika kutu na kutu inaanza kuingia kwenye karatasi, zitoe, ila usivute! Fungua kijitabu katikati, nyanyua miguu ya pini taratibu hadi isimame wima, kisha isukume itokee upande wa kava. Kama hazina kutu ziache.

Unataka kukining'iniza ukutani? Skani kwa dpi 600, kurasa zote pamoja na matangazo, utundike nakala. Na ulikokipata, lini, kwa nani, andika kwa penseli kwenye kadi ya pembeni uiweke boksini, sio kwenye kijitabu.